Kwa nini tawi moja la delta huchimbika huku la jirani likijaa mchanga?

Msomaji ameuliza: «Tulifundishwa kwamba delta hujengwa kwa sababu mto ukifika baharini hupungua kasi na kubwaga mzigo wake. Iweje basi tusikie kila mara kwamba sakafu za mito katika delta kubwa zinachimbika, na kwamba tawi moja linazidi kuwa na kina huku tawi la jirani likijaa mchanga? Na mtu asiye mhandisi atajuaje kwamba sakafu ya mto inashuka?»

Ndugu msomaji, ulichofundishwa si uongo, ila ni nusu ya habari. Ni kweli kwamba maji yakipungua kasi mashapo, yaani mchanga na tope linalobebwa na maji, hutua. Lakini sakafu ya mto haiinuki wala haishuki kwa sababu ya kasi yenyewe. Hubadilika kwa sababu ya tofauti kati ya mashapo yanayoingia katika kipande fulani cha mto na yale yanayotoka upande wa pili. Mto wenye kasi kubwa unaopokea mchanga mwingi kadiri unavyoutoa unaweza kukaa miaka mingi bila kuchimba chochote, na mto mpole ulionyimwa mchanga kutoka juu utaila sakafu yake mwenyewe polepole. Felix Exner, mtaalamu wa hali ya hewa wa Austria, aliliweka wazo hili katika lugha ya hesabu miaka ya 1920, na hadi leo kila programu ya kompyuta inayokadiria mabadiliko ya sakafu ya mto imejengwa juu yake. Ni daftari la mapato na matumizi, ambamo salio ndilo linaloipandisha au kuishusha sakafu. Karibu kila jambo la ajabu linalosimuliwa kuhusu delta linaeleweka ukilifungua daftari hilo na kuuliza ni nani aliyepunguza mapato au kuongeza matumizi.

Tuanze na nguvu inayoing'oa punje. Maji yanayoteremka huikwaruza sakafu, na ukali wa mkwaruzo huo hutegemea zaidi kina cha maji na mteremko wa uso wake. Chukua mto wa delta wenye kina cha mita 8 ambao uso wake unashuka sentimita 5 tu kwa kila kilomita, mteremko ambao jicho haliwezi kuuona kabisa. Hesabu inatoa mkwaruzo wa takriban paskali 4. Albert Shields, aliyefanya majaribio yake Berlin na kuyachapisha mwaka 1936, alituachia njia ya kukadiria mkwaruzo unaotosha kuisogeza punje ya ukubwa fulani, na kwa mchanga wa robo milimita jibu ni karibu paskali 0.2. Yaani mto huu unaoonekana umelala una mkwaruzo mara 20 ya ule unaohitajika. Kwa hiyo ukiikuta sakafu ya mchanga imetulia chini ya mto wa namna hiyo, usidhani kwamba punje hazisogei. Zinasogea usiku na mchana, ila nafasi ya kila inayoondoka inachukuliwa na nyingine inayofika. Siku zile zinazofika zikipungua, zinazoondoka hazitasubiri.

Jambo la pili ni kwamba uwezo wa maji kubeba mchanga hauongezeki sawasawa na kasi. Kanuni moja inayotumiwa sana katika mito ya mchanga, ile ya Engelund na Hansen wa Denmark ya mwaka 1967, huupandisha uwezo huo kwa kipeo cha tano cha kasi. Kwa maneno mengine, kasi ikiongezeka kwa asilimia 10, uwezo wa kubeba mchanga hupanda kwa asilimia 60 hivi. Ikipungua kwa asilimia 10, mto hupoteza karibu asilimia 40 ya uwezo wake. Ndiyo maana siku chache za mafuriko zinaweza kuhamisha mchanga kuliko miezi mingi ya maji ya kawaida, na ndiyo maana mtu anayelinganisha wastani wa kasi wa mwaka hadi mwaka hupata picha iliyopooza, isiyomweleza chochote kuhusu sakafu.

Kabla hatujaingia kwenye delta yenyewe, tutenganishe mizigo miwili ambayo mara nyingi huchanganywa. Chota maji ya mto uliofurika kwenye chupa ya kioo, itikise, kisha uiweke mezani. Mchanga wa robo milimita hushuka kama sentimita 3 kwa sekunde, kwa hiyo kabla hujavuta kiti umeshalala chini ukiwa mstari mwembamba. Chembe za udongo mfinyanzi zenye kipenyo cha sehemu mbili za elfu moja za milimita hushuka kama sentimita 30 kwa siku nzima, na zilizo ndogo zaidi ya hizo hukawia zaidi, hata kesho yake maji bado yana rangi ya udongo. Tia sasa chumvi kidogo katika chupa ya pili, uiache itulie kando ya ya kwanza. Chembe ambazo zilikuwa zikikwepana huanza kushikamana vibonge vibonge kama vinyweleo vya pamba, na vibonge hushuka upesi kuliko chembe mojamoja. Hicho ndicho kinachotokea mahali maji ya mto yanapokutana na ya bahari, na ndiyo sababu mojawapo ya tope zito kujikusanya katika sehemu fulani ya mlango wa mto badala ya kutawanyika lote baharini.

Tofauti hiyo inajitokeza pia wakati wa kung'olewa. Filip Hjulström wa Uppsala alionyesha mwaka 1935 kwamba mfinyanzi ulioshikana ni mgumu kung'oa kuliko mchanga wa kawaida, ijapokuwa chembe zake ni ndogo mno; lakini ukishang'oka, hata maji dhaifu huweza kuubeba mbali. Tope lililotua wiki iliyopita halijashikana na huamka kwa urahisi, ila tope la karne nyingi zilizopita ni kama ukuta. Kwa hiyo delta huweka madaftari mawili: la mchanga, ambalo ndilo hasa linaloamua kina cha mikondo, na la tope, ambalo hujenga mabonde ya pembeni, mikoko na sakafu ya bahari ya karibu. Mto unaweza kuwa na tope tele, maji yakaonekana mazito na mekundu, na bado ukawa maskini wa mchanga kiasi cha kujichimba. Wengi huyatazama maji ya udongo na kusema mto huu hauna upungufu wa mashapo. Hiyo ni hukumu ya haraka.

Sasa swali lako la kwanza. Usawa wa bahari haupandi kwa sababu mto umefurika. Mlangoni maji yamebanwa na usawa huo. Katika majira ya maji machache, bahari huufanya mto usimame nyuma yake kwa umbali mrefu, sehemu hiyo inakuwa na kina kikubwa kuliko maji yanayopita yanavyohitaji, kasi hupungua kila unapoelekea mlangoni, na mchanga hutua njiani. Hiyo ndiyo picha ya kitabuni. Katika mto Mississippi wa Marekani, wenye kina kirefu na mteremko mdogo, athari hiyo ya bahari huhisika mamia ya kilomita kutoka pwani. Lakini mto ukifurika mambo hugeuka. Kule juu uso wa maji hupanda mita kadhaa, huku mlangoni ukipanda kidogo tu. Mteremko wa uso wa maji unaongezeka kadiri unavyokaribia bahari, kasi inakua badala ya kufifia, na kipande kilekile kilichokuwa kikipokea mchanga kwa miezi mingi huchimbwa kwa wiki chache. Delta, basi, haina tabia moja. Sehemu yake ya chini hujaa na kuchimbika kwa zamu, na mafuriko yakikatwa na mabwawa, zamu ya kuchimba hupotea mahali pengine na zamu ya kupokea hupotea kwingine.

Majira hayohayo ya maji machache huleta ulimi wa maji ya chumvi. Kwa kuwa ni mazito, maji ya bahari huingia chini kwa chini huku maji baridi yakielea juu yake, hivyo punje iliyoko sakafuni huguswa na maji yanayosimama au hata yanayorudi nyuma, wakati mwenye mashua juu anaona mto unateremka kama kawaida. Katika Mississippi ulimi huo umewalazimu wahandisi wa jeshi la Marekani kujenga tuta la mchanga chini ya maji ili kuuzuia usifikie vyanzo vya maji ya kunywa, mara kadhaa, ikiwemo miaka ya 1988, 1999, 2012, 2022 na 2023. Mafuriko yakirudi, tuta hubebwa na maji, na hakuna anayelililia.

Swali la matawi jirani ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu linagusa mahali ambapo akili ya kawaida hutupotosha. Tunadhani mto ukigawanyika, tawi lililopata nusu ya maji hupata pia nusu ya mchanga. Si lazima. Mchanga mwingi husafiri karibu na sakafu, na maji ya karibu na sakafu hayaendi yanakoenda maji ya juu. Koroga kikombe cha maji chenye majani makavu chini yake: ungetarajia majani yarushwe pembeni, lakini hujikusanya katikati. Albert Einstein aliieleza sababu yake mwaka 1926, na akaihusisha na jinsi mito inavyopinda: kwenye tao la mto maji ya juu huelekea upande wa nje, na maji ya chini, yaliyopunguzwa kasi na sakafu, husukumwa upande wa ndani yakiwa na mchanga. (Mwanawe, Hans Albert, ndiye aliyeifanya elimu ya mashapo kuwa kazi ya maisha yake, na wengi wetu katika fani hii humfahamu zaidi mtoto kuliko baba.) Tawi linalochepuka upande wa nje wa tao hupata maji mengi na mchanga mchache, lile la upande wa ndani hupata kinyume chake. La kwanza huanza safari likiwa na deni katika daftari la mchanga, nalo hulilipa kwa kuichimba sakafu yake. La pili hupokea mzigo lisioweza kuubeba.

Ubaya ni kwamba hali hiyo hujilisha yenyewe. Tawi lililochimbika lina kina zaidi, hivyo linavuta maji zaidi, nayo maji hayo huchimba zaidi. Jirani yake anapungukiwa maji na kuzidi kujaa. Wakati mwingine mgawanyo hupata uwiano mpya na kutulia, na wakati mwingine tawi moja hufa kabisa. Huko Louisiana mto Atchafalaya, wenye njia fupi na yenye mteremko mkali zaidi kwenda baharini, ulikuwa ukiyavuta maji ya Mississippi mwaka hadi mwaka, mpaka milango ya kudhibiti maji ilipoanza kazi mwaka 1963 ili mgao wake usizidi asilimia 30. Mafuriko ya mwaka 1973 yalichimba shimo chini ya milango hiyo, yakauangusha ukuta mmoja wa pembeni, na kidogo tu jengo zima lingeondoka. Nauona mfano huo kila mtu anaponiambia kwamba mgawanyiko wa mto unaweza kuamriwa kwa zege na kusahauliwa.

Kujaa na kupwa kwa maji huongeza utata. Tuseme katika tawi fulani maji hujaa kwa saa 5 kwa kasi ya mita 1.2 kwa sekunde, kisha hupwa kwa saa 7 na nusu kwa kasi ya mita 0.8. Maji yaliyoingia ni sawa kabisa na yaliyotoka. Zidisha mwenyewe, pande zote ni sita. Lakini kwa kuwa mchanga hufuata kipeo cha tano cha kasi, uliopandishwa juu ni kama mara tano ya uliorudishwa chini. Tawi hilo litajazwa mchanga wa baharini bila tone moja la maji kubaki ndani. Badili uwiano huo, mathalani kwa kuongeza maji ya mto yanayosaidia kupwa, na tawi lilelile litasukuma mchanga nje. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tofauti hizi huwa kali, na wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, hufifia, kwa hiyo vipimo vya siku moja havitoshi kuhukumu.

Mfano unaoonyesha haya yote kwa pamoja ni delta ya Rhine na Meuse nchini Uholanzi. Baada ya bahari kuvunja kingo mwaka 1953 na kuua watu zaidi ya 1,800, Waholanzi waliifunga milango ya bahari mmoja baada ya mwingine, na Haringvliet, mlango mkubwa wa kusini, ulifungwa kwa milango ya kudhibiti maji mwaka 1970. Upande wa kusini kujaa na kupwa kukakaribia kutoweka, maji yakatulia, na tope na mchanga vikaanza kujaza. Upande wa kaskazini, ambako njia ya meli ya Rotterdam imebaki wazi, bahari iliendelea kupanda na kushuka. Kwa hiyo kila siku usawa wa maji hutofautiana kati ya pande hizo mbili, na tofauti hiyo husukuma maji kwa nguvu katika matawi yanayoziunganisha, yaani Spui, Dordtsche Kil, Oude Maas na Noord. Matawi hayo yamekuwa yakichimbika tangu hapo. Hapa, basi, una jibu la swali lako ndani ya delta moja: mlango uliofungwa kwa nia njema uligawa upya nguvu za maji, jirani mmoja akajaa na mwingine akachimbika.

Na tazama jinsi yanavyochimbika. Chini ya matawi hayo kuna tabaka za mfinyanzi na za mboji ya kale iliyoshindiliwa, na chini ya hizo kuna mchanga wa enzi ya barafu. Pale tabaka gumu lilipo, sakafu hubaki karibu tambarare kwa miaka, na mpimaji anaweza kurudi na habari njema kila mara. Lakini mahali tabaka hilo linapoisha au linapokuwa jembamba hadi kutoboka, maji hukutana na mchanga ghafla. Shimo linafunguka, ukingo wake wa juu ukiwa wa mfinyanzi uliosimama kama kizingiti. Maji yakiruka kizingiti hicho huzunguka ndani ya shimo na kukwangua mchanga chini yake, hadi kizingiti kinakosa mhimili na kumeguka bonge kwa bonge. Shimo la namna hiyo linaweza kuongezeka kina kwa mita kadhaa huku wastani wa sakafu ya tawi zima ukionyesha badiliko dogo tu. Wastani ndio uliowadanganya watu, kwa sababu ukingo wa mto hauangushwi na wastani. Unaangushwa na shimo lililo miguuni pake.

Mikono mingine ya binadamu nitaitaja kwa ufupi zaidi. Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, mashapo ya Nile yalibaki karibu yote katika ziwa lake, na rasi ya Rosetta, iliyokuwa imeanza kuliwa na mawimbi mapema zaidi, ikazidi kurudi nyuma hadi kulazimu kuta za mawe. Hata hivyo sakafu ya Nile chini ya bwawa haikushuka kiasi kilichohofiwa, kwa kuwa bwawa lilinyang'anya mchanga pamoja na mafuriko ambayo yangefanya uchimbaji, na vizuizi vingine vya njiani vilisaidia kuishikilia. Kosa la kawaida ni kulihesabu bwawa kama mwizi wa mchanga peke yake.

Uchimbaji wa mchanga kwa ajili ya ujenzi hauna faraja hiyo. Katika delta ya Mekong nchini Vietnam mchanga umetolewa moja kwa moja kutoka sakafuni wakati mabwawa ya juu nayo yakipunguza unaofika, na sakafu za matawi makuu zimeshuka kwa mita. Shimo la mchimbaji halikai mahali pake: ukingo wake wa juu humomonyoka kuelekea mtoni juu, nalo shimo hunasa mchanga unaopita, hivyo maji yanayotoka chini yake huondoka mikono mitupu na kuanza kuchota yanapopita. Sakafu ikishuka, bahari hupata njia pana zaidi. Kujaa na kupwa huingia ndani zaidi, chumvi pia, na ukame wa 2016 na ule wa 2020 uliipata delta hiyo ikiwa imeshadhoofishwa hivyo.

Kuchimbika si balaa siku zote. Mwaka 1875 James Eads alianza kujenga kuta mbili sambamba mlangoni mwa South Pass, mojawapo ya matawi ya Mississippi, ambako fungu la mchanga lilikuwa likizuia meli. Kwa kuubana mkondo aliongeza kasi yake, na kufikia 1879 mto wenyewe ulikuwa umechimba njia ya kina cha mita 9 hivi mahali palipokuwa na mita 2 na nusu. Ni kanuni ileile ya daftari, safari hii imetumiwa makusudi.

Sasa dalili. Kabla ya kifaa chochote, tazama miguu ya madaraja: nguzo zikionyesha sehemu isiyo na kutu wala ukoga ambayo zamani ilikuwa ndani ya sakafu, jambo limeshatokea. Tazama vijito vinavyoingia mtoni. Sakafu ya mto mkuu ikishuka, kijito huanza kuporomoka mdomoni kama ngazi na kujichimba kurudi nyuma. Nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo, hasa mafuriko yanapopungua na ardhi ikiwa bado imelowa, huashiria kwamba mguu wa ukingo umeliwa chini ya maji.

Ushahidi ulio imara zaidi umo katika kumbukumbu za vituo vya kupimia maji. Tafuta siku ambazo mto ulipitisha kiasi kilekile cha maji, tuseme mita za ujazo 2,000 kwa sekunde, katika miaka tofauti. Kama zamani kiasi hicho kilifika alama ya mita 3 na leo kinaishia mita 2.2, na upana haujabadilika sana, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba sakafu imeshuka. Karibu na bahari njia hii haifai, kwa sababu bahari ndiyo inayoshika usawa. Huko tazama kama maji ya kupwa yanashuka chini kuliko zamani na kama pengo kati ya kujaa na kupwa linapanuka, kisha linganisha ramani za kina zilizopimwa kwa mwangwi.

Ila ramani hizo zisomwe kwa tahadhari. Sakafu ya mchanga ina matuta yanayotembea, na katika mito mikubwa tuta moja hufika kimo cha mita kadhaa. Pima mto wote kwa upana, katika majira yaleyale ya mwaka, kwenye urefu unaobeba matuta mengi, ndipo ulinganishe. Aliyepima nukta moja mwaka jana juu ya kilele cha tuta, akairudia mwaka huu bonde la tuta lilipofika hapo, atatangaza mmomonyoko wa mita mbili ambao haukutokea.